Kiti cha Dirishani

Hadi leo nikikuta kiti kitupu karibu na dirisha, huwa nasogea kidogo kumpisha mtu. Ni mazoea niliyoyapata kwa Mama Waya, fundi wa mitambo chuoni kwetu. Tulimwita hivyo kwa sababu hatukuwahi kumwona bila waya begani. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha wenzetu waliosomea nyumbani kwa mtandao na sisi tuliokuwa ukumbini. Mafundi wengine waliiacha kompyuta yenye nyuso zao juu ya meza ya mhadhiri wakaenda zao. Yeye aliikalisha kitini, safu ya tatu, dirishani, akaigeuza taratibu kama anayemkaribisha mgeni. "Sogeeni, wanangu, wenzenu waone," alisema kwa ile sauti yake ya mafua yasiyoisha. Wakati wa mapumziko aliipakata hadi kibarazani, tulikokunywa chai na kumsengenya mhadhiri. Siku mhadhiri alipomuuliza kulikoni, alimjibu, "Hawa nao wamechoka kukaa, baba."

Kipindi cha mwisho kabla ya mtihani, wote walitakiwa kufika chuoni. Akaingia mama mmoja, mtoto mgongoni, ambaye miguu yake haikuwahi kukanyaga pale. Nikainuka nimwelekeze. Akapita katikati yetu moja kwa moja hadi kiti cha dirishani, akaniita kwa jina langu la utani, akaketi. Pale ndipo alipokaa muhula mzima. Mlangoni Mama Waya alikuwa akikunja waya, kiganjani hadi kwenye kiwiko, kiganjani hadi kwenye kiwiko. Macho yake yalikuwa kwenye kile kiti; waya ukaisha, na mkono wake ukaendelea kuzunguka.