Gongo la Tatu la Kaka Issa

Siku inayonirudia sana, mwanangu, tangu tumzike kaka yangu Issa, ni ile niliyoficha magongo nyuma ya nyumba nikaenda sokoni Kondoa kwa miguu yangu tu.

Nilikuwa kijana, kazi yangu kupakia magunia. Biashara ilikuwa imefunguliwa, malori ya watu binafsi yanakuja kila siku kuchukua alizeti na mahindi. Lori moja lilipinduka nami ndani, paja likavunjika. Dodoma waliniunga kwa bamba la chuma na skrubu, nikakaa nalo karibu miaka miwili. Mfupa ulishika vizuri, lakini kile chuma kilinichoma kila nilipolalia upande ule, basi wakakitoa.

Daktari alinieleza taratibu, kama anayezungumza na mwenzake. "Mfupa umepona, ila palipokuwa na skrubu pamebaki matundu. Tembelea magongo, usibebe mzigo, urudi baada ya wiki sita."

Mimi nilisikia neno "umepona" tu.

Wenzangu sokoni hawakunionea huruma. "Tazameni maajabu! Alipokuwa na chuma alikimbia, chuma kimetoka anatambaa!" Nilivumilia wiki moja. Sikuwa na maumivu, na kijana asiye na maumivu hujiona amedanganywa. Ndiyo maana siku ile niliyaacha magongo, nikainamia gunia la alizeti.

"We Juma! Liache hapo hapo!"

Alikuwa kaka Issa, kashika randa mkononi, amekuja mbio kutoka karakana yake ya useremala. Nilijua nitaaibishwa mbele ya watu. Badala yake alinishika bega tukaenda karakanani, akachukua ubao wa mlango wa zamani uliong'olewa bawaba, akauegemeza kwenye benchi na kuukanyaga. Ulipasuka palepale kwenye mstari wa matundu ya skrubu.

"Huu haukuwa mbovu," alisema. "Ungeniuliza, ningekwambia ni ubao mzima. Tofauti yenu ni moja, bwana mdogo. Ubao haujizibi. Mfupa unajiziba. Hiyo kazi mimi fundi siiwezi, na anayeiweza hataki haraka yako."

Nikamwambia ukweli: siogopi kuvunjika, naogopa kuchekwa. Kusema hivyo kulinitoa jasho.

Hakunicheka. Asubuhi yake alinikuta nyumbani, na kwapani ana gongo jipya alilolichonga mwenyewe. Mtu mzima, fundi anayeheshimiwa, miguu yake mizima! Tukapita sokoni pamoja tukichechemea.

"Fundi, nawe umevunjika?" akauliza muuza mitumba mmoja.

"Bado. Namsubiri mdogo wangu, nisimpite."

Soko zima lilicheka, lakini safari hii nami nilicheka. Kila siku, wiki tano zilizobaki, alinipitia na gongo lake tukaenda msikitini kwa mwendo wangu. Niliporudi Dodoma wakanipiga picha, daktari akaitazama, akasema naweza kuyaacha magongo. Sijavunjika tena mpaka leo.

Tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu nilikuta lile gongo nyuma ya mbao, limefutwa vumbi. Alikuwa mrefu kuliko mimi, kwa hiyo kwapani linanibana. Sitalikata.

Mwanangu, nisikilize. Ukiambiwa umepona, uliza pia umebakiwa na nini, kisha ukipe muda wake hata kama huumwi na watu wanakucheka. Na ukimwona mwenzako anaona haya kutembea taratibu, usimhubirie sana. Tembea naye.

Mungu akujalie mifupa inayoshika, na mtu wa kuchechemea nawe. Na pale mwingine atakapomkosa mtu huyo, akufanye wewe uwe ndiye.