Neno nililokataa kumtafsiria Mutiso kwenye boma la mawe, karibu na Macalder

Wakuu, amani iwe kwenu.

Haya nimeshayaungama kwa padri, lakini hapa jukwaani sijawahi kuyasema. Nayaweka kama yalivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya sitini, muda mfupi baada ya Uhuru. Nilikuwa mwalimu kijana upande wa Rangwe, tena katekista. Mutiso, Mkamba wa Machakos, alifundisha hesabu shuleni kwetu. Alikuwa na Peugeot kuukuu na hamu ya kuona kila kitu cha kale.

Likizo ya Aprili tukafunga safari. Tulipanda Got Asego pale Homa Bay, tukapita Ndhiwa, tukashuka hadi karibu na Macalder kutafuta ohinga, yaani maboma ya mawe ya watu wa zamani.

(Siyo Thimlich, lile boma kubwa mnaloliona kwenye picha. Hili lilikuwa dogo, juu ya kilima, limemezwa na miiba.)

Kuta zilinipita urefu. Hakuna udongo wala saruji, jiwe juu ya jiwe tu. Mlango mfupi, unaingia umeinama.

"Wazee wenu walitaka kila mgeni asujudu," Mutiso akasema.

"Au walikuwa wafupi kama wewe."

Bibi mmoja aliyekuwa akiokota kuni akaja kutusalimu. Hakujua Kiswahili, Mutiso hakujua Dholuo, lugha yetu Wajaluo. Mkalimani nikawa mimi.

Mutiso akaona jiwe bapa ubavuni mwa mlango. Alikuwa akimjengea mama yake nyumba, akalitaka liwe kizingiti. Akaanza kulitikisa.

Bibi akaniambia, "Nyathina, mwambie aliache. Hilo ndilo linalowashika owetene."

Nyathina ni mwanangu; owetene ni ndugu zake. Mimi na ukatekista wangu nikasikia mizimu.

"Anasema nini?" Mutiso akauliza.

"Mambo ya mizimu. Chukua, ni jiwe tu."

Bibi akanitazama. "Umemwambia?"

Nikajibu nimemwambia.

Jiwe lilitoka bila shida. Halafu yakafuata mengine yote ya upande ule, yakamwangukia kifuani.

Ndugu aliowasema bibi walikuwa mawe, wakuu. Mawe tu. Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyaondoa, kwa mikono yake, bila kunilaumu.

Tulimlaza Mutiso kiti cha nyuma, nikashika usukani kuelekea hospitali, nami udereva nilijua nusu. Mvua ilikuwa imenyesha, ule udongo mweusi ukatushika kabla ya Ndhiwa. Wanaume wa boma la jirani walipokuwa wakisukuma, Mutiso akaniita kutoka kiti cha nyuma.

"Yule mama alisema nini hasa?"

Nikamwambia, neno kwa neno.

Akajibu, "Hiyo ni hesabu tu, mwalimu. Ungeniambia."

Hakufika hospitali.

Tulipomzika kwao, mama yake aliniuliza kama hakuna mtu aliyewaonya. Nikasema hakuna. Naye amekwisha kufa akiamini hivyo.

Namshukuru Mungu kwa miaka mingi aliyonipa, ingawa sijui kwa nini mimi. Nilidhani nailinda imani, kumbe nilimdharau bibi kwa sababu hakuwa wa kanisani kwangu. Ukipewa neno ulifikishe, lifikishe lilivyo. Si kazi yako kulipima.

Kama kuna aliyewahi kupunguza neno la mtu njiani, aandike hapa chini. Nitasoma yote, ila polepole, macho yamechoka.