Boksi Ambalo Mashine Haikulijua

Iko Ijumaa moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo masikio hunichoma. Sijawahi kukusimulia. Lakini jana ulikuja hapa Kaloleni na barua yako ya kazi, ukanionyesha kwenye simu picha za lile ghala jipya la Nyamasaria, vile mizigo inavyopita kwenye mkanda na kujigawa yenyewe bila mkono wa mtu. Ukaniambia kwa furaha, "Mama mdogo, hiyo mashine haikosei!" Sikutaka kukukatiza. Nilikumiminia chai tu. Leo ndiyo nakujibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilifanya kazi kwenye ghala la vifurushi hapa mjini Kisumu, la Bwana Gurdeep, mtu mpole mwenye kilemba cha buluu. Mwanzoni mizigo ya Nairobi ilimwagwa sakafuni, na wazee sita wakaigawa kwa macho: huu wa Siaya, huu wa Busia, huu wa Homa Bay. Kisha Bwana Gurdeep akaleta mashine ya mtumba kutoka ng'ambo. Usiilinganishe na yenu. Yetu ilikuwa mkanda mrefu wenye jicho la taa nyekundu. Jicho lilisoma mistari myeusi kwenye kibandiko cha kila boksi, na mkono wa chuma ukalisukuma boksi kwenye mlango wa mji wake. Ikiwa jicho limeshindwa kusoma, boksi lilikwenda moja kwa moja hadi mlango wa mwisho. Tuliuita mlango wa mayatima.

Mimi ndiye niliyefundishwa kuiendesha. Weh, nilivimba kichwa! Nilivaa kitambulisho shingoni hata nikienda sokoni kununua sukuma wiki. Wale wazee wakahamishiwa kupakia malori, akabaki mmoja, Mzee Okumu, akawekwa pale mlango wa mwisho. Kila boksi lililokataliwa alilisoma kwa mkono. Aliligeuza, akavaa miwani, akavua miwani, akampigia mtu simu, akaandika. Boksi moja lilimchukua hata nusu saa. Kila nikimwangalia, damu ilinichemka. Mashine yangu inakimbia, yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki akimsalimia mtu wa Mbita na kumuuliza mvua imenyesha wapi.

Jumanne moja likaja boksi refu, kama la kubebea gitaa. Lori lilikuwa limenyeshewa njiani, na kibandiko kilikuwa kimelowa hata wino ukachuruzika. Nambari ya simu ilikuwa imefutika nusu. Yalibaki maneno mawili matatu tu: Mwalimu Ogutu, Nyang'oma.

"Hilo liache, nyathina," Mzee Okumu akaniambia. Hivyo ndivyo alivyoniita, mtoto wangu, kwa Kijaluo. "Nyang'oma si moja. Iko ya Bondo, iko ya upande wa Muhoroni, na nyingine tena. Kesho nitamtafuta mwenyewe."

Nikasema sawa. Mzee akaondoka zake. Lakini mimi nilitaka Bwana Gurdeep akipita jioni aukute mlango wa mwisho mweupe, bila hata boksi moja, kama nilivyokuwa nimejisifu mbele yake. Nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika Nyang'oma. Ikaleta ya Muhoroni kwanza. Sikuangalia ya pili. Nikachapisha kibandiko kipya, kisafi, nikakibandika juu ya kile kilicholowa, nikalirudisha boksi kwenye mkanda. Taa ikalisoma mara moja. Likaenda.

Asubuhi Mzee aliponiuliza liko wapi, nilimwambia, "Nimeshampata mwenyewe." Nilisema hivyo bila hata kupepesa macho.

Ijumaa mchana akaja msichana pale mapokezi. Nywele zake zilikuwa zimesukwa nusu tu, nusu nyingine imesimama. Alikuwa ametoka saluni Kondele katikati ya kusukwa. Jina lake Akinyi.

"Dada, natafuta boksi ya baba yangu, Mwalimu Ogutu. Ilitoka Nairobi wiki iliyopita."

Nikaangalia. "Imeshafika. Imepokelewa Jumatano."

"Imepokelewa na nani? Mimi nimetoka nyumbani leo asubuhi. Hakuna kitu imefika."

"Dada, kompyuta inasema imefika."

Akashika ukingo wa meza. "Ni mguu," akasema. "Ndani ya hiyo boksi ni mguu wa baba. Ule wake ulikatwa sababu ya sukari. Huu wa bandia alikuwa ameshaujaribu, wakaurudisha kurekebisha kidogo tu. Kesho ni harusi yangu. Baba ameniambia ataniingiza kanisani akitembea, mkono wake ukiwa umenishika. Amefanya mazoezi miezi mitatu."

Na mimi, mwanangu, Mungu anisamehe, nilimjibu, "Mfumo hauwezi kudanganya."

Akinyi hakupiga kelele. Alikaa tu kwenye benchi akafunika uso. Hapo ndipo Mzee Okumu alipotoka ndani. Alikuwa amesikia yote. Alimwuliza Akinyi swali moja, "Nyang'oma ya Bondo?" Akaitikia kwa kichwa. Mzee akanigeukia, nikaona kwamba ameshaelewa.

Alinichukua kando, karibu na mkanda. Nilijiandaa kutukanwa. Ningefurahi angenitukana. Alisema polepole, "Mashine ilipolitupa boksi huku, ilikuwa imefanya kazi yake vizuri. Ilisema, mimi sijui. Wewe ndiye uliyesema unajua, na ulikuwa hujui."

Nilianza kulia. Akaniachia nilie kidogo, kisha akasema, "Basi. Pangusa uso. Machozi hayawezi kulirudisha boksi, twende tulitafute."

Tukapiga simu jioni ile mpaka tukampata wakala wa Muhoroni aliyelipokea boksi. Alikuwa amefunga duka, yuko matangani mbali, angerudi asubuhi. Jumamosi alfajiri tukatoka, mimi na Mzee, kwa pikapu ya ghala. Wakala alifika karibu saa tano, na dukani kwake tulilikuta boksi limelazwa nyuma ya magunia ya mbolea, na kibandiko changu kinang'aa juu yake. Nililipakata njia nzima, kutoka Muhoroni, tukapita tena hapa Kisumu, hadi Bondo. Mzee hakuniambia neno la kuniumiza. Alinionyesha tu njia. Pale panaitwa hivi, pale aliwahi kupeleka cherehani, pale mama mmoja alisubiri barua ya mwanawe mpaka akazoeana na Mzee.

Tulifika nyumbani kwa Mwalimu saa tisa alasiri. Ibada ilikuwa imeshakwisha. Watu walikuwa chini ya hema wakila. Mwalimu Ogutu alikuwa amekaa mbele, suti ya kijivu, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini, magongo mawili yameegemezwa kitini. Mama mmoja akatuambia jinsi walivyoingia kanisani. Mikono yote miwili ya baba ilikuwa kwenye magongo, kwa hiyo Akinyi alimshika koti.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikapiga magoti mbele yake nikiwa bado nimelipakata boksi. "Mwalimu, ni mimi. Si mashine, si mvua. Niliambiwa nisubiri, sikusubiri."

Aliniangalia. Alikuwa na macho ya mwalimu, yale yanayokusoma kama daftari. Akasema, "Fungua hiyo kamba, mwanangu."

Mzee Okumu akamwingiza ndani wakaufunga ule mguu pamoja. Sisi tukabaki nje, hakuna aliyekuwa akitafuna tena. Mlango ukafunguka. Mwalimu Ogutu akatoka, hana gongo hata moja. Akasimama kizingitini, akanyoosha koti, akapaza sauti, "Akinyi! Kuja!"

Akinyi akainuka na gauni lake jeupe akakimbia. Baba akamtolea mkono. Wakatembea kutoka mlangoni hadi kwenye gari la bwana harusi, polepole kabisa, hatua labda thelathini. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Sijawahi kuona mtu akitembea vile, kama kila hatua ameiomba na amepewa.

Tulipokuwa tukiaga, Mwalimu alinishika mkono. "Umechelewa," akasema. "Lakini umekuja mwenyewe."

Sitakudanganya kwamba yote yalisahaulika. Picha za kanisani ziko, na magongo yamo ndani yake. Akinyi alinisamehe, lakini picha haziwezi kupigwa upya. Jumatatu yake nilimwomba Bwana Gurdeep anipe nafasi kando ya Mzee Okumu. Nilikaa naye pale mlango wa mwisho mpaka alipostaafu, na yote ninayoyajua kuhusu kazi nilijifunza kwenye kile kiti cha plastiki. Ameshatangulia mbele ya haki sasa. Nilimzika nikilia kama binti yake.

Basi nisikilize, mwanangu. Sikukatazi kuipenda mashine. Ipende, ijue hadi misumari yake. Maboksi elfu yatapita vizuri na hayatakuhitaji. Wewe unahitajika kwa lile moja lililokwama. Ukilifikia, punguza mwendo. Ligeuze, lisome, uliza mtu mzima, piga simu, na kama hujui, sema hujui mbele ya watu wote, hata kama bosi amesimama hapo. Usibandike kibandiko kisafi juu ya jambo ambalo hukulielewa. Na mtu akija mbele yako akasema hajapata, muamini kwanza yeye, kisha ndipo uangalie kioo cha kompyuta. Ukikosea, kwa sababu utakosea, usitume mtu. Nenda wewe, kwa miguu yako, ukaseme ni mimi.

Haya, sogea nikushike kichwa. Mola akupe macho yenye huruma na mikono isiyo na haraka ya kujionyesha. Akukutanishe na wakubwa watakaokukosoa bila kukuvunja. Riziki yako iwe ya halali, na kila mlango utakaoupitia, watu wafurahi kwamba ni wewe umeingia. Amina, mwanangu. Amina.