Kijerumani Ndani ya Tembe

Nilisoma Kijerumani chuo kikuu kwa sababu kozi niliyoitaka ilikuwa imejaa, na kwa miaka mingi sikukitumia popote. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari hapa Dodoma. Kisha kanisa moja la mjini likapokea vijana wakimbizi, Warundi na Wakongo, waliopata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea kazi ya kuuguza wazee. Walipewa vibali vya kutoka kambini, Kigoma, wakae kwanza katika hosteli ya kanisa huku Makole na kujifunza lugha. Mimi nikaulizwa kama bado nakikumbuka Kijerumani. Nikajibu kwamba nakikumbuka. Jioni ile ile nikatoa vitabu vyangu chini ya kitanda, nikavikung'uta vumbi, nikaanza kusoma vitenzi kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

Walikuwa vijana tisa. Siku ya kwanza niliwaonya kwamba lugha hii ina taabu moja kubwa: kila jina la kitu lina kundi lake, kuna der, kuna die, kuna das, na ukikosea kundi, sentensi nzima inakwenda mrama.

"Ni hayo matatu tu, mwalimu?" akauliza kijana mmoja Mrundi, mchekeshaji wa darasa.

"Matatu tu."

"Basi wametuonea huruma!"

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Mtu aliyekua na ngeli za M-WA na KI-VI na LI-YA, na za Kirundi juu yake, utamtishaje na vikundi vitatu?

Aliyenishughulisha zaidi alikuwa binti mmoja Mkongo, mkubwa kuliko wenzake wote, ambaye hata wao walimwita Dada. Aliandika vizuri kuliko yeyote, mistari imenyooka, makosa machache. Ila hakusema. Nikimwuliza swali kwa Kijerumani alinitazama kwa heshima na kungoja nimwulize mwingine. Siku moja baada ya kipindi nilimbakiza nikamwuliza kuna nini.

"Mwalimu," akasema, "Kirundi nilijifunza tulipokimbilia Burundi. Kiingereza nilijifunza kambini. Lugha zote hizi nimejifunza nikikimbia. Hii ya sasa nataka nijifunze nimekaa."

"Basi kaa," nikamwambia. "Hapa hakuna anayekufukuza."

Shida nyingine ilikuwa kitabu. Kilijaa treni za chini ya ardhi, makoti ya baridi na mashine za kuuzia tiketi. Vijana walikariri maneno ya vitu ambavyo hawajawahi kuvigusa, na kesho yake yameshawatoka. Nikamwomba msimamizi wa hosteli aniruhusu Jumamosi tufunge kitabu, tutoke. Tuanze na Dodoma hii hii, nikamweleza, vitu wanavyoweza kuvishika mkononi. Akakubali.

Tulianzia Majengo, sokoni. Nilimwomba mama mmoja muuza mboga atuvumilie. Vijana wakapanga foleni mbele ya meza yake, kila mmoja aulize bei kwa Kijerumani, "Was kostet das?", kisha amtafsirie. Mama yule alifurahi kuliko wao. Hadi tunafika kwa kijana wa nne alikuwa ameshika maneno mwenyewe, akawa anawaita wateja wengine: "Was kostet, was kostet, karibu nyanya!"

Zamu ya Dada ilipofika, mama akamsogezea fungu la nyanya. "Chagua, mwanangu."

"Nichague mimi?"

"Sasa nani mwingine?"

Akasimama pale, mkono hewani. Baadaye aliniambia kwamba kambini chakula kilikuja kwa mgao, na tangu awe mtu mzima alikuwa hajawahi kuambiwa achague nyanya anayoitaka. Alizigeuza moja moja, taratibu, akazibonyeza kwa kidole gumba, na foleni nyuma yake ikatulia kumsubiri. Alipopata aliyoitaka, akaiinua na kusema kwa sauti ya kusikika, "Diese." Hii hapa. Lilikuwa neno lake la kwanza la Kijerumani nje ya daftari.

Tulikwenda pia kwenye mashamba ya mizabibu, na siku moja tukakaa na kikundi cha wapiga ngoma wa Kigogo, vijana wakajifunza kusema kwa Kijerumani kulia, kushoto, mbele, nyuma, huku mabega yao yakikataa kutii. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ilitokana na ukurasa mmoja wa kitabu. Ulikuwa na picha ya sebule, kochi na paka juu ya zulia. Chini yake zoezi: eleza nyumba yenu. Wengine waliandika. Dada akalaza kalamu juu ya daftari.

"Sina cha kueleza, mwalimu."

Sikumlazimisha. Nilifikiri, kama nyumba zao zinawauma, tukaeleze nyumba ya mtu mwingine. Bibi yangu mzaa mama anaishi kijijini, njiani kwenda Kibakwe, katika tembe la udongo la Kigogo ambalo amekataa kata kata libomolewe. Wajukuu tumemjengea nyumba ya matofali pembeni. Ameifanya ghala la karanga.

Tulimkuta uani akipepeta uwele. Vijana wakapiga shikamoo kwa pamoja, naye akawaitikia mmoja mmoja, kisha akawaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akawafundisha na jibu lake. Nikawagawa, waingie na kutoka, wakitaja walichokiona. Das Dach, paa, ni bapa, la udongo. Die Tür, mlango, ni mfupi, inabidi uiname. Mchekeshaji wetu alijigonga kichwa akatoa neno la Kirundi ambalo wenzake walikataa kunitafsiria.

Baadaye tukakaa chini kumenya karanga. Dada alikuwa karibu na bibi. Bibi, bila nia yoyote isipokuwa mazungumzo, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha mkato, "Na huko kwenu, nyumba zikoje?"

Nilifungua mdomo nimwokoe, nibadilishe maneno. Lakini Dada alikuwa ameshaanza, na alikuwa anaanza kwa Kijerumani. "Unser Haus war…" Nyumba yetu ilikuwa. Alisema ilikuwa ya mbao na paa la mabati, mlimani. Baba aliupaka mlango rangi ya buluu. Nyuma kulikuwa na migomba. Vitenzi vilikaa pasipo pake, alisimama kutafuta maneno, mara moja akanigeukia: "Kibaraza?" Nikamnong'oneza, naye akaendelea. Karanga zilibaki mikononi mwetu.

Alipotua, bibi akanitazama. "Anasema nini?"

Nikamtafsiria kadiri nilivyoweza: mbao, mabati, mlima, mlango wa buluu, dirisha.

"Madirisha mawili, mwalimu," Dada akanikatiza, kwa Kiswahili. "Moja la wazazi. Jingine letu sisi wasichana." Na hapo hapo akaendelea mwenyewe, kwa Kiswahili, akimweleza bibi moja kwa moja, jiko lilikuwa wapi, maji waliteka wapi, nani alilala na nani. Machozi yalimtoka lakini sauti haikukatika.

"Na mabati," bibi akauliza, "hayapigi kelele mvua ikinyesha?"

"Yanapiga, bibi! Hamsikilizani kabisa."

"Ndiyo maana mie sitaki," bibi akasema, akinikazia macho mimi. Wote wakacheka, Dada akicheka na kujifuta uso kwa kanga. Kisha ukaletwa ugali wa uwele na mlenda, na watu wakala.

Tukiwa tunarudi alikaa karibu nami. "Kwa Kiswahili nisingeweza kuanza," akaniambia. "Nikisema mlango, namsikia baba akiniita nikaufunge. Neno die Tür halina sauti ya mtu. Nikalipitia hilo kwanza."

Nimefundisha lugha nusu ya maisha yangu na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunieleza jambo kama hilo. Mimi nilipanga somo la paa na mlango. Njia ile aliivumbua yeye, na aliipita mbele za watu.

Baada ya siku hiyo alisema darasani kama maji. Mtihani wa Kijerumani, uliofanyika Dar es Salaam, aliufaulu mara ya kwanza. Wawili walirudia, na mchekeshaji wetu, ingawa alisikiliza vibaya, alipita kwa kuongea sana. Waliondoka kwa makundi. Mkesha wa safari Dada aliwasuka wasichana wenzake wote, akawakagua masanduku.

Majuzi alinitumia ujumbe wa sauti. Walimpangia zamu za usiku mfululizo, akaenda kwa msimamizi wake kulalamika, na alikuwa akinisimulia mabishano yote, alivyosema yule na alivyojibu yeye. Ulikuwa Kijerumani kitupu, cha haraka, chenye maneno ya huko waliko. Niliusikiliza mara mbili, na bado kuna neno moja nililolitafuta kwenye kamusi nisilipate. Zamu zilibadilishwa.

Mume wangu alikuwa mezani anakula. Nikamsogezea simu asikie, ingawa haelewi hata neno moja.

"Mbona anaongea kwa kasi hivyo?" akauliza.

"Anagombana," nikamwambia. "Sikiliza anavyogombana vizuri."