Marobota Hamsini ya Katani

Nakumbuka mchana mmoja wa Jumatatu pale Kitengela, upepo ukipandisha vumbi la barabara ya Namanga, na mimi nimeketi mbele ya karatasi niliyoijaza uongo kwa mkono wangu. Nitakuambia uongo wenyewe, mwanangu, maana nasikia umeajiriwa kazi ileile niliyofanya mimi, ya kuipa mizigo ya forodha namba zake za ushuru. Nyinyi siku hizi mko na kompyuta inayowatajia namba kabla hamjauliza. Sisi tulikuwa na kitabu kinene, mzani mdogo na kiberiti.

Kiberiti kilikuwa cha Mzee Lekishon, mkubwa wangu, Mmaasai wa Ewuaso Kedong, mtu wa maneno machache hata akikasirika. Kwa mambo ya kamba alikuwa na desturi yake. Alikuwa amepiga misumari miwili kwa meza, katikati mita moja kamili. Ananyoosha kipande hapo, anakata, anapima. Katani ikizidi gramu mbili kwa mita, hiyo ni kamba. Ikipungua, huo ni uzi, na namba yake ni nyingine. Halafu anafumua msokoto, anachoma ncha, ananusa. Katani inanuka nyasi kavu na kuacha majivu, plastiki inayeyuka na kufanya tone. Hapo ndipo alikuwa anafungua kitabu. "Pua kwanza, nakerai," alizoea kuniambia, yaani mtoto kwa Kimaasai. "Kitabu hakinusi."

Sasa, Ijumaa iliyotangulia, mzigo uliingia kutoka mpakani: marobota hamsini, karatasi zikisema kamba ya katani ya kufungia nyasi. Kiangazi kilikuwa kimebana, na wafugaji wa upande wa Isinya walikuwa wanaingojea wafunge nyasi za ng'ombe. Mzee alikuwa ameitwa Kajiado. Aliniachia neno moja tu, nifungue kila robota, hata kama yote yanafanana.

Nilifungua matatu. Usinicheke, mwanangu. Jua lilikuwa kali, niko na viatu vipya, na nikajiambia kwamba ukionja chumvi huna haja ya kumaliza mchuzi. Lile la tatu nikaingiza mkono mpaka ndani, nikagusa kamba ya namna nyingine, nyeusinyeusi, laini. Mimi ni Mkamba, mama yangu amesuka viondo maisha yake yote. Sisi hatupiti uzi hivihivi. Mkono unaenda wenyewe, unausokota juu ya paja. Nikausokota. Ulikuwa na joto, nikasema ni mabati ya ghala. Lakini mkono uliniambia wazi kwamba hii si katani. Nikakata kipande cha kutosha kurekebisha mshikio wa kiondo changu, nikarudi ofisini na kuandika: marobota hamsini, yote yamefunguliwa, yote katani.

Mama alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Machakos. Jumapili tukitoka kanisani akanibebea kile kiondo. Hatukuwa tumefika kwa geti akasimama, akakitua chini, akafuta kiganja chake kwa leso.

"Nduku, huu uzi umeutoa kwa kichwa cha nani?"

"Ni katani, mama. Ya kazini."

"Nimesokota katani tangu nikiwa msichana," akasema. "Katani haikushiki mkono."

Nilicheka, nikamwambia uzee umeanza kumpiga chenga. Siku hiyo alikataa kiondo kiingie ndani ya nyumba, na akakaa nje kando yake mpaka jua likatua, kama mtu anayelinda mgonjwa.

Ndiyo ikafika hiyo Jumatatu. Mzee Lekishon amerudi, karatasi yangu iko mbele yake, kalamu mkononi. Akitia sahihi, mzigo unaondoka mchana huohuo.

"Yote hamsini?" akaniuliza.

"Yote, mzee."

Aliniangalia mikono, si uso. Akaweka kalamu chini. "Twende."

Mbwa wa mlinzi alikuwa na kawaida ya kulala kivulini kwa mlango wa ghala. Siku hiyo tulimkuta amelala ng'ambo ya ua, juani, saa saba mchana, macho kwa mlango. Ndani, upepo ulikuwa hausikiki kabisa, na mabati yale hupiga kelele hata kwa upepo wa kupepea chai. Niliogopa, nakuambia ukweli. Mzee alifungua la kwanza, la pili, na la tatu akazamisha mkono mpaka kwa kiwiko. Akaanza kuvuta, na ile kamba ikawa inakuja tu, inakuja, haina mwisho.

Tukaipeleka ofisini, mezani. Akaipima kati ya misumari, akafumua msokoto. Zilikuwa nyuzi tatu. Moja nyeusi, moja iko na mvi, ya tatu nyembamba na laini sana, na ndani yake kipande cha uzi wa buluu, ule akina mama wanafungia mtoto ncha za misuko. Akawasha kiberiti. Unaijua ile harufu ya saluni, nywele zikiungua? Ilijaa ofisi nzima.

"Sasa fungua kitabu," akasema. "Itafutie mahali pake."

Nilitafuta kwa kamba, nikatafuta kwa nyuzi. Mwanzoni kabisa mwa sehemu hiyo kuna orodha ya vitu visivyoruhusiwa humo, na huko juu nilizikuta: nywele za binadamu na vitu vilivyotengenezwa kwazo. Nilisoma kwa sauti, na sauti haikufanana na yangu.

"Hata walioandika huko mbali walijua," Mzee akasema. "Mtu haingii kwa hesabu ya kamba." Akagusa ule uzi wa buluu kwa ncha ya kalamu. "Ningetia sahihi hii yako, ng'ombe wa Isinya angeitafuna pamoja na nyasi. Na huyu angekuwa katani milele. Nani angemtafuta tena, nakerai, na wewe umeshaandika?"

Nikalia, nikamwambia yote, mpaka kiondo. Hakunifukuza. Alinipa kalamu. "Andika upya." Tulifungua yote hamsini, na saba yalikuwa hivyo ndani. Polisi wakaja kuyachukua. Mwenye mzigo hakutokea, na zile nywele ni za akina nani sijajua mpaka leo.

Nilifika nyumbani nikakuta kiondo mlangoni, hakina mshikio. Mama alikuwa na udongo kwa vidole, na pale kwa ua kulikuwa na kifusi kidogo na jiwe juu yake.

"Umeandika nini huko kazini?" akaniuliza.

"Nilikuwa nimeandika katani."

"Na sasa?"

"Nimeandika nywele za watu."

Akapumua kwa muda mrefu. "Basi, sasa anaweza kulala," akasema, akaenda kunawa mikono.

Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi niliambiwa na watatu: mkono wangu, mama yangu na mkubwa wangu. Waliotutangulia walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi; mimi naongeza, ulimi una nafuu kuliko kalamu. Kompyuta itakupa namba, ichukue, lakini shuka kwa ghala kwanza. Fungua robota la hamsini kama ulivyofungua la kwanza. Mkono wako ukikataa kitu, usikiandike. Na usibebe nyumbani hata inchi moja ya mzigo wa watu. Kile kiondo ninacho bado. Nimekitia mishikio mingi tangu siku hiyo, na hakuna hata mmoja uliokaa.

Shika kiberiti hiki, uweke mfukoni. Mungu wa mama yangu, na Enkai wa Mzee Lekishon, akupe pua isiyodanganyika na kalamu yenye woga. Na kila jina utakaloandika, mwenye nalo alale salama.