Samaki wa Baba na Mikeka ya Mama

Nikisikia harufu ya masitiki, ule unga mweupe unaokandwa kwa mafuta ili kushika vioo vya madirisha, nacheka peke yangu. Wengine wakikumbuka miaka ya vita mjini Bunia, mashariki ya Kongo, huanza na moshi na mlio wa bunduki, nami siwalaumu, maana niliusikia pia. Lakini pua yangu ina kichwa kigumu. Inanirudisha moja kwa moja nyumbani kwetu Mudzipela, kwenye mikono ya Baba iliyonatanata, na kwa samaki mmoja mgomvi niliyempenda kuliko baadhi ya binamu zangu.

Baba alikuwa fundi wa vioo. Vita vilipoingia mjini kazi yake ilikufa, kwani nani angeweka kioo kipya leo ili kivunjwe kesho? Watu walipigilia mbao na mabati madirishani. Baba akabaki na vioo vikubwa vimeegemea ukuta wa chumba cha nyuma, akivifuta vumbi kila asubuhi. Siku moja akachukua vyuma vya kitanda kibovu, akaunga sanduku, akapachika vioo vyake kwa masitiki na kumimina maji. Likavuja. Akaongeza masitiki, likavuja tena. Mama akamwuliza kama sasa ameamua kufuga mvua. Mwishowe maji yalitulia, na nyumba nzima ikanuka mafuta ya masitiki hadi kwenye ugali.

Samaki tuliwatoa mto Shari: ngege wadogo, kambale mmoja mwenye ndevu, na kaa wa mtoni. Miongoni mwa wale ngege palikuwa na dume moja lenye mapezi ya kingo nyekundu. Siku hiyohiyo lilichagua nafasi katikati ya mawe, na kila aliyepita karibu alipata habari yake. Kaa alipoteza mguu. Kambale alinyolewa ndevu za upande mmoja. Baba akamwita Komanda, lakini Mama akakataa katakata: huko barabarani makomanda walikuwa wengi, na wapita njia walikuwa na masikio. Basi akawa Shefu.

Sanduku lilikaa sakafuni, kwa kuwa hatukuwa na meza ya kubeba uzito wake. Risasi zilipoanza kulia tulilala chini kifudifudi, nami nikajikuta uso kwa uso na samaki. Wengine wote walijificha nyuma ya mawe. Shefu peke yake alikuja mpaka kwenye kioo, akafungua mdomo, akanitazama. Niliona ananiliwaza. Leo najua kwamba aliona samaki mkubwa mwenye macho mabaya akitaka kumnyang'anya mahali pake, na alikuwa akinitisha. Haidhuru. Nilitulia, na hilo ndilo nililohitaji.

Baba aliona dawa ya ugomvi wa Shefu ni kumlisha kwanza. Ndivyo tulivyoishi wote wakati ule: ukifika kwenye kizuizi cha barabarani, unamtuliza mwenye nguvu kwa kitu kidogo, ndipo unapita. Shefu alikula, akanenepa, akapata nguvu ya kuuma vizuri zaidi. Mama alitia chumvi kidogo majini kutibu vidonda vya wenzake, chumvi ambayo sisi wenyewe tuliitamani kwenye mboga. Asubuhi moja alipomkuta ngege mmoja akielea ubavu, uvumilivu wake uliisha.

“Dimanshi tutamukula na sombe,” alisema. “Huyu samaki iko na roho mubaya. Anafikiri parseli yote, nyumba na kiwanja, ni yake.”

Nililia mpaka kwikwi zikanishika. Baba alinionea huruma, lakini hakubishana naye. Mama alisema kweli, na kitoweo kilikuwa shida.

Jumapili Baba alilazimika kutoa mawe yote ili amkamate. Shefu alimwuma kidole, lakini aliishia kwenye beseni. Mafuta ya mawese yalikuwa yameshaanza kunukia jikoni tuliposikia hodi. Alikuwa Mama Ngave, mwanamke tusiyemjua, amebeba furushi kichwani na kumshika binti yake mkono. Walikuwa wamekimbia kutoka upande wa Kilo, wakitembea kwa miguu. Mama hakuwauliza nyumbani kwao wanasema lugha gani, ingawa vita vile vilikuwa vya makabila. Aliondoa sufuria motoni, akafanya kile alichofanya kila walipofika watu wa kukimbia: alituhamisha sisi sote.

Alikunja mikeka yote akaitandika upya. Wageni waliotangulia walitoka sebuleni wakaingia stoo. Yeye na Baba wakatoka chumbani kwao wakaja sebuleni, chumba kikabaki kwa Mama Ngave. Mimi, niliyekuwa na kona yangu tamu kando ya sanduku la samaki, nilipelekwa kwenye ujia, na kona yangu akapewa binti wa Mama Ngave.

Hasira zilinipanda. Nikaenda kusimama mbele ya beseni.

“Siye wote unatuhamisha kila siku,” nilimwambia Mama nikilia. “Yee mbona humuhamishi? Unamukula tu?”

Baba ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikubwa ambacho nilikuwa nimekisahau. Akarudisha mawe majini, lakini yale ya katikati akayapanga pembeni, na ya kushoto akayapeleka kulia. Akawaacha wale wadogo wachague mahali pao kwanza. Shefu akaingia wa mwisho.

Mama Ngave alichuchumaa kutazama, vumbi la njia likiwa bado miguuni. Shefu alizunguka akitafuta mahali pake, asipaone. Alikuwa kama mgeni asiyejua choo kiko wapi. Kaa akapita mbele yake, na Shefu akampisha.

“Naye sasa iko deplase kama siye,” Mama Ngave akasema, kwa jina tulilowaita waliokimbia makwao. Alicheka yeye wa kwanza, nasi tukafuata. Siku hiyo tulikula sombe, yale majani ya muhogo, bila samaki, na nilifurahi sana.

Sitawadanganya kwamba Shefu aliokoka akaacha ugomvi. Baada ya muda alichagua jiwe jingine na kuanza kulilinda. Lakini wageni wengine walipofika, mikeka ilihama na mawe yakahama. Kazi ya mawe tuliifanya mimi na binti wa Mama Ngave, ambaye kufikia hapo tulikuwa hatuachani. Vita vilipotulia, watu walianza tena kutafuta vioo, Baba akalibomoa sanduku, na Shefu akamalizia uzee wake kwenye bwawa la jirani.

Kwa miaka mingi niliamini Mama alipenda tu kupangapanga nyumba. Nilipokuwa na nyumba yangu, na wageni wakakaa mpaka nikaanza kununa, nilimwuliza kwa nini alikuwa akituhamisha. Alikuwa akichagua maharagwe, wala hakuinua macho.

“Batu ya kila kabila balilala pale,” alisema. “Kama ningekuachia kona yako, ungeniuliza: hawa bageni batatoka lini? Na bao hawakuwa na pa kwenda. Basi weye uliuliza tu: Mama, leo nalala wapi?”

Nilijaribu kukumbuka kama niliwahi hata mara moja kumwuliza lile swali la kwanza. Sikuwahi.