Siku Tatu Bila Kidonge

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, hasa kama kwenu kuna mtu anayemeza prednisoloni, kidonge cha steroidi, kila asubuhi. Nitakueleza polepole, kama nilivyozoea darasani, na usione haya kunirudisha nyuma.

Nimefundisha bayolojia hapa Eldoret miaka mingi. Kila nilipofika kwenye homoni, nilichora ubaoni shule yenye lango. Homoni nyingi, niliwaambia wanafunzi, ni wageni wa langoni: haziwezi kupita utando wa seli, kwa hiyo humwachia bawabu ujumbe, naye huupeleka ndani. Steroidi ni tofauti. Zina asili ya mafuta, na utando nao ni wa mafuta, hivyo hupenya zenyewe. Ndani hushikana na kipokezi, protini inayozisubiri humo, na hao wawili huingia hadi kwenye kiini, ofisini kwa mwalimu mkuu, kuamua jeni zipi zisomwe na zipi zinyamaze. Lakini ratiba mpya ya namna hiyo haibadilishi shule papo hapo. Protini lazima zitengenezwe kwanza, na hilo huchukua saa kadhaa. Lakini wakati mwingine steroidi nazo hubisha langoni, na hapo jibu huja kwa dakika chache tu.

Nilijua hayo yote. Ndiyo maana baadaye nilijiona mjinga zaidi.

Baridi yabisi iliponikaza vidole hata chaki ikanishinda, daktari alinipa vidonge vya prednisoloni. Vidole vilifunguka. Lakini uso ulivimba ukawa duara, usingizi ukatoroka, na kila nilipoomba kuviacha daktari alisema, "Bado, Mwalimu. Tutashuka ngazi moja moja." Mwaka wa pili ulinikuta kwenye ngazi ile ile.

Nyumbani kwangu, huko Kiplombe pembeni mwa Eldoret, jirani yangu, kiongozi wa akina mama kanisani, aliniangalia juu ya ua.

"Mwalimu, mahindi ya mwaka huu yamekukubali. Mashavu hayo tutayapima kwa gunia?"

"Ni dawa, Mama."

"Basi nigawie, nimpe ng'ombe wangu."

Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani nikageuza kioo kikatazama ukuta.

Kabla ya kupanda, kanisa letu hufunga siku tatu kuombea mvua na mbegu. Kwenye pakiti yangu mfamasia alikuwa ameandika: meza pamoja na chakula. Nikajiambia, hakuna chakula, kwa hiyo hakuna kidonge. Sikumwambia mtu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikitafuta pa kutokea, na mfungo ulinipa njia yenye heshima.

Siku ya kwanza nilijisikia huru. Ya pili viungo viliuma, miguu ikawa mizito. Ya tatu, mchana, nikiwa nimepiga magoti kanisani, nilitapika maji matupu, na nilipojaribu kusimama kanisa zima likazunguka. Jirani alinidaka.

"Hii si njaa. Mwalimu, umeacha nini?"

"Kidonge."

"Na nani alikwambia Mungu ana shida na kidonge chako?" Tayari alikuwa akimwashiria mwenye gari.

Hospitalini walinidunga sindano ya steroidi na kunitundikia dripu ya maji ya chumvi. Presha iliyokuwa imeshuka mno ilipopanda tena, daktari aliketi kando ya kitanda.

"Unafuga, Mwalimu?"

"Ng'ombe mmoja."

"Usipomkamua mwezi mzima, asubuhi utakayorudi na ndoo atakupa maziwa?"

Nikaelewa kabla hajamaliza. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe. Ubongo wangu ulipoona kidonge kinafanya kazi hiyo kila siku, uliacha kuziamuru, nazo zikalala; nilipokiacha ghafla, hazikuweza kuamka upesi. Miaka yote nilichora jinsi steroidi inavyoingia. Sikuwahi kuchora kinachotokea ukiiondoa.

Bado nameza. Kipimo kimeshuka kidogo, na asubuhi nyingine nakitazama kidonge kama mfungwa anavyomtazama askari wake. Wiki ya mfungo, jirani huja na uji wake kwenye kikombe, anasimama mlangoni. "Meza nione," anasema, wala haondoki.

Nawe, kama umetumia vidonge vya steroidi kwa wiki kadhaa, usiviache ghafla hata kwa siku moja: kameze cha leo, kisha umuulize daktari wako namna ya kuvipunguza.